Kikaangio Hakina Jinsia

Wanachuo wenzangu, msimu wa fildi unakaribia. Majina yakishabandikwa, wengine watapelekwa Korogwe, wengine Handeni, na mambo ya kwanza tutakayoulizana ni yale yale: nani anajua chumba cha bei nafuu, maji yanapatikana vipi, nauli ya bodaboda hadi shuleni ni shilingi ngapi. Swali moja huwa haliulizwi, kwa sababu wengi wanadhani jibu lake linajulikana: nani atapika?

Mimi nilifanya mazoezi ya kufundisha Handeni, tukiwa wanne kwenye nyumba moja, wasichana wawili na wavulana wawili. Hakuna aliyeitisha kikao, lakini kufikia siku ya tatu sheria ilikuwa imeshapita: kaka wanachangia hela, dada wanapika. Nimezungumza na wenzangu waliokwenda Korogwe, wakaniambia kwao ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nasema sheria hiyo ife mwaka huu, na nina sababu.

Kwanza ni muda. Mwanafunzi wa ualimu akitoka shuleni ana kazi nyingine nyumbani: andalio la somo, zana, madaftari ya kusahihisha. Kwa Handeni ongeza na maji. Wilaya ile ina shida ya maji ya miaka mingi. Mradi wake mkubwa, ule wa HTM, huyavuta kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na bomba likikauka unanunua kwa dumu. Sasa hesabu: anayepika ndiye anayetafuta maji, anawasha mkaa, anaosha vyombo. Anashika kalamu saa tatu usiku. Mwenzake ameshika kalamu tangu saa kumi na mbili. Msimamizi akifika anawapima wote wawili kwa karatasi moja, na hana kisanduku cha kuandika "huyu jana alipikia watu wanne".

Pili ni pesa. Tangu mwaka 2022 posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Inaonekana nyingi hadi uanze kula stendi. Tuseme sahani ya chipsi mayai ni shilingi 3,000 na soseji inalipiwa pembeni. Kula hivyo mchana na jioni, toa nauli, toa kodi, uone kama bumu itafika mwisho wa mwezi. Anayejua kupika hata chakula kimoja tu haombi mkopo kwa mwenye duka.

Najua nitakachojibiwa: "Dada, mimi sijui kupika." Sawa, basi jifunze kitu kimoja. Wala sisemi uanze na pilau. Anza na mayai ya mboga na soseji, yale ambayo Waitaliano huyaita frittata. Kwetu ni ndugu wa karibu wa zege, tofauti yake mboga ni nyingi kuliko chipsi.

Kwa watu wanne chukua mayai 8, soseji 4, viazi 3, kitunguu, karoti, hoho na nusu fungu la mchicha. Korogwe huna kisingizio cha mboga: karoti, hoho na kabichi za Lushoto zinashuka mlimani kupitia Mombo, na Mombo imo wilayani Korogwe. Handeni nunua siku ya soko, na mchicha ukikosekana tumia majani ya kunde au matembele.

Viazi vichemshe kwanza, uvikate vipande. Kata soseji visahani, uzikaange kwa mafuta kidogo mpaka zibadilike rangi, uziweke pembeni. Kwenye mafuta hayo hayo weka kitunguu, karoti na hoho. Vikilainika, tia viazi na mchicha uliokamuliwa maji. Usiharakishe hapa. Mboga ikiingia na maji yake, mayai hayashikani. Rudisha soseji. Piga mayai na chumvi kwenye bakuli, mimina juu, halafu punguza moto. Moto mkali unaunguza chini huku juu bado ni uji. Funika, subiri kama dakika 10. Kama unatumia mkaa, weka mfuniko wa bati na makaa machache juu yake, kama mama zetu wanavyooka keki bila oveni. Ukitikisa kikaangio na katikati hapachezi, tayari. Kata vipande vinne, kula na chapati au mkate.

Mambo mawili usisahau. Soseji haitaki mchezo na joto la kule. Kama nyumba haina friji, nunua za siku hiyo hiyo, zikikosekana weka dagaa wa kukaanga. Na Tanga ina Waislamu wengi, hata ndani ya nyumba yenu watakuwemo. Kikaangio ni kimoja, kwa hiyo nunueni za ng'ombe au kuku, na muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Umeona? Kikaangio kimoja, sufuria moja ya viazi, maji kidogo ya kuoshea. Mtu anayeweza kufundisha kidato cha pili milinganyo anashindwaje hapo?

Jibu la pili huwa ni mila: "Kwetu mwanaume haingii jikoni." Twende stendi ya Korogwe jioni. Nani anayemenya viazi pale? Nani anapiga mayai na kugeuza zege kwa mkono mmoja huku anarudisha chenji kwa mwingine? Ni vijana wa kiume watupu, na hakuna anayewacheka, kwa sababu wanalipwa. Kwa hiyo mila haikatazi mwanaume kupika mayai. Inayokatazwa ni kupika bure, na ile ya bure ndiyo tuliyoachiwa sisi.

Jibu la tatu ni la wastaarabu: "Mimi nitachangia zaidi." Asante, lakini hela ya ziada haininunulii saa tatu za jioni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, hasa kwa Handeni ambako miti mingi imeishia kwenye magunia ya mkaa. Lakini ukileta mtungi wa gesi nyumbani na anayesimama mbele yake akabaki yule yule kila siku, umempunguzia moshi tu.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Kwenye semina ya kuwaandaa wanaokwenda fildi tunafundishwa mavazi, nidhamu na kujaza fomu. Iongezwe nusu saa: kila kundi litakaloishi pamoja liandike zamu za kupika, kuteka maji na kuosha vyombo, kila mtu atie sahihi, karatasi ibandikwe ukutani. Na asiye na chakula anachojua kupika aanze na mayai haya wikiendi hii, geto kwake, kabla basi halijaondoka. Mayai manane yanatosha kujaribu mara mbili.