Tundu Limezibwa, Nguo Bado Zinalowa

Ripoti za kambi za fistula huandikwa kama matokeo ya mpira: wanawake kadhaa wamepasuliwa, kadhaa wamepona. Hilo neno "wamepona" ndilo linanikera. Nani aliulizwa?

Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, linaloachwa na uchungu wa kuzaa uliokawia mno. Baada ya kulishona, daktari hujaza kibofu maji ya buluu na kuweka pamba ukeni. Pamba ikitoka bila buluu, tundu limezibwa. Kipimo kizuri, sikipingi. Huona tundu dogo ambalo mama mwenyewe hawezi kujua liko wapi. Lakini yeye alikuja na swali lingine: je, nitakauka? Misuli inayofunga mrija wa mkojo ikiwa imeharibika, mkojo hupita njia yake ya kawaida na bado huvuja akikohoa, akibeba mtungi mgongoni, akiinuka tu.

Shirika la Afya Duniani lilijua hivyo. Mwongozo wake wa 2006 uliweka lengo: upasuaji wa kwanza uzibe matundu 85 kati ya 100, na asilimia 90 ya waliozibwa wasivuje. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hesabu hiyo naiweza: wakavu ni kama 76. Ripoti ikisimama kwenye 85, wale wanane au tisa wameandikwa wamepona na nguo zimelowa.

Mmoja namjua, hapa Subukia. Kanisani hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, juu ya leso iliyokunjwa mara nne. Matatu ya Nakuru huipanda akikosa budi. Nikamuuliza mbona hakurudi kumwambia daktari. "Sasa wewe kijana, nitamwambiaje na alinitibu bure?"

Si unaona, wapenda vipimo watasema, maneno ya mgonjwa hayaaminiki, hushukuru kwa adabu tu. Kweli, kwa sababu mnamuuliza siku ya kumruhusu kwenda nyumbani, na anayeuliza ndiye aliyemshona! Muulizeni baada ya miezi mitatu, kwake, na aulize mwanamke aliyewahi kuugua hivyo. Tena msimuulize "umepona?" Muulizeni jana alibadilisha kitambaa mara ngapi, na kama Jumamosi alienda soko. Akisema anavuja, hata kama pamba ilitoka nyeupe, jibu lake liandikwe juu ya lile la pamba, na arudishwe hospitali kwa gharama ya walewale walioandika amepona.