Maadili bila Mungu: yanasimama juu ya nini?

Kutomwamini Mungu si mfumo wa maadili. Ni kukana jambo moja tu, na ukanushi hauzai amri wala katazo. Asiyeamini anayetaka msingi wa wema huutafuta kwingine: pengine kwa Immanuel Kant, aliyeuweka katika akili yenyewe (ingawa yeye aliamini), au kwa Jeremy Bentham, aliyepima matendo kwa raha na maumivu yanayoleta.

Mwanafalsafa John Locke, aliyeandika kabla ya hao wawili, hakuona kwamba asiyeamini ana msingi wowote. Katika waraka wake wa 1689 kuhusu kuvumiliana kidini aliwatenga wasioamini, akidai kwamba ahadi na viapo haviwafungi. Miaka saba kabla yake Pierre Bayle, Mprotestanti wa Ufaransa, alishaandika kinyume: mwenendo wa watu hutokana zaidi na tabia, tamaa na hofu ya aibu kuliko itikadi, hivyo jamii ya wasioamini ingeweza kuishi kwa adabu.

Mzozo huo ulifika bungeni Uingereza. Mwaka 1880 Charles Bradlaugh, mkana Mungu asiyejificha, alichaguliwa mbunge wa Northampton, akaomba kutoa tamko badala ya kiapo. Alinyimwa. Alipokubali kuapa, akazuiwa vilevile, eti kiapo chake hakina uzito. Laghai angeapa kimyakimya siku ya kwanza na kukaa kitini. Bradlaugh alikaa 1886, na sheria ya 1888 ikawaruhusu wenzake kutoa tamko.

Hata hivyo, kisa hicho chathibitisha tu kwamba asiyeamini anaweza kuwa mwadilifu, si kwamba ana hoja. Mwanafalsafa David Hume alionyesha kuwa hali ilivyo haitoshi kutuambia inavyopaswa kuwa. Kwa nini maumivu ya jirani yanihusu? Bentham hana jibu kamili. Lakini shimo hilo humngoja muumini pia: Mungu ameamuru, sawa, kwa nini atiiwe? Akijibu kwa kuogopa moto, anapiga hesabu ya raha na maumivu kama Bentham. Akijibu kwamba Mungu ni mwema, basi wema ameshautambua kwa akili, kama walivyoshikilia wanatheolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Muʼtazila wa Basra. Ashʼari waliwapinga, wakisema jema ni lile aliloamrisha Mungu.

Penye siri ndipo muumini anapomzidi mwenzake, maana anaamini kuna anayemwona. Akili huweza kulitaja kosa la gizani, haiwezi kuliadhibu. Kazi hiyo hubaki kwa malezi, aibu na sheria, na mahakamani, Uingereza hata Kenya, shahidi aliyetoa tamko akisema uongo hushtakiwa sawa na aliyeapa.