Chema Chajiuza? Mauzo na Athari katika Mjadala wa Michezo ya Nintendo

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ndiyo hutegemewa, aghalabu pasi na kutajwa, kila unapozuka mjadala kuhusu mchezo wa video wa kampuni ya Nintendo ya Japani ulioacha athari kubwa kuliko mingine yote. Mmoja hutaja nakala milioni arubaini, mwingine hutaja milioni themanini, na mwenye hesabu kubwa hujiona ameshinda. Makala haya yanashikilia kwamba hesabu hizo hujibu swali jingine kabisa. Mauzo hueleza ni watu wangapi walionunua kazi. Athari hueleza ni watunzi wangapi walioshindwa kuendelea kutunga kama walivyotunga awali. Tofauti hii si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi, na ndiyo inayoupa mjadala huu haki ya kuingia katika jarida la Kiswahili.

Kampuni yenyewe ni kongwe. Ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, ikitengeneza karata za kuchezea ziitwazo hanafuda. Jina lake lilivuma katika michezo ya video mwaka 1981, ulipotoka mchezo wa Donkey Kong uliobuniwa na Shigeru Miyamoto. Michezo iliyotangulia, kama vile Space Invaders (1978) na Pac-Man (1980), ilikuwa na adui na alama za ushindi, lakini Donkey Kong ulikuwa na kisa: sokwe amemteka mwanamke, naye seremala anapanda ngazi na kuruka mapipa ili amwokoe. Seremala huyo, aliyeitwa Jumpman, ndiye baadaye aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la Mario. Hata hivyo, kutangulia si lazima kuwe kuathiri. Mbegu ni jambo moja, na shamba ni jambo jingine.

Wanaopima kwa mauzo wana mtetezi wao mkuu, yaani Wii Sports wa mwaka 2006, uliosambaa kwa nakala zaidi ya milioni 82. Lakini nakala hizo zilifikaje majumbani? Katika nchi nyingi nje ya Japani, mchezo huo ulitiwa ndani ya sanduku moja na mtambo wa Wii. Aliyenunua mtambo alipewa mchezo, autake asiutake. Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya anaifahamu hali hii vyema mno. Riwaya au tamthilia ikiteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, huuzwa kwa maelfu kwa maelfu kwa sababu mtihani umeamuru hivyo. Huenda kitabu hicho kikawa bora, na huenda kisiwe. Wingi wa nakala zake ni ushahidi wa silabasi, si wa athari zake katika sanaa ya utunzi.

Mshindani mwenye hoja nzito zaidi ni Super Mario Bros. wa mwaka 1985. Mchezo huu uliuzwa zaidi ya nakala milioni 40, lakini nguvu zake hazikomi hapo. Uliingia Marekani baada ya soko la michezo ya nyumbani kuporomoka vibaya mwaka 1983, ukasaidia kulifufua. Fauka ya hayo, hatua yake ya kwanza ni somo lisilo na neno hata moja. Adui wa kwanza anamjia mchezaji polepole. Asiporuka atakufa, na akifa mara moja atajua la kufanya mara ya pili. Kisha anakutana na tofali lenye alama ya kuuliza, analigonga, uyoga unatoka, naye Mario anakua. Hakuna maelezo wala mwalimu, na bado mwanafunzi amefuzu.

Isitoshe, jamii hii ya michezo iliwaathiri watunzi waziwazi. Mwaka 1990, vijana wawili wa Marekani, John Carmack na Tom Hall, waliiga hatua ya kwanza ya Super Mario Bros. 3 ikachezeka kwenye kompyuta ya kawaida, jambo lililodhaniwa gumu mno kwa kompyuta za wakati huo. Nintendo haikukubali mchezo wake uuzwe kwenye kompyuta. Ujuzi ule haukupotea, kwani vijana hao na wenzao walianzisha kampuni ya id Software, iliyotoa Doom mwaka 1993. Hiyo ndiyo athari inayotafutwa: mtunzi anasoma kazi ya mwenzake kwa wivu na mapenzi, kisha anatunga kitu kisichofanana nayo.

Pamoja na sifa hizo zote, Super Mario Bros. uliweka kanuni za utanzu mmoja, yaani michezo ya kuruka inayotazamwa kutoka ubavuni. Mchezo uliovuka mpaka wa utanzu wake ni Super Mario 64, uliotoka Japani mwezi Juni mwaka 1996.

Ili hoja hii ieleweke, ni vyema kulikumbuka tatizo lililowakabili watunzi wote wa wakati huo. Katika ulimwengu bapa wa michezo ya awali, jicho la mchezaji lilikaa mahali pamoja, na mhusika alikwenda kulia, kushoto, juu au chini. Mitambo mipya ilipowezesha ulimwengu wenye pande tatu, swali jipya likazuka: ni nani anayetazama, na anatazama akiwa wapi? Mwanafasihi atatambua mara moja kwamba hili ni swali la usimulizi. Ni swali la nafsi na mtazamo.

Majibu ya mwaka huo yalitofautiana. Quake ulichagua nafsi ya kwanza, mchezaji akaona kwa macho ya mhusika mwenyewe. Crash Bandicoot ulimpitisha mhusika katika vichochoro vyembamba ili kamera isipate taabu. Tomb Raider ulimwendesha Lara Croft kwa hatua zilizopimwa, akigeuka kwanza ndipo aende. Super Mario 64 ulitoa jibu la ujasiri zaidi: mhusika aende popote, kwa mwendo wowote, na msimulizi amfuate.

Jibu hilo lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kijiti kilichowekwa kwenye kidhibiti cha mtambo wa Nintendo 64. Kikisukumwa kidogo, Mario hunyata. Kikisukumwa zaidi, hutembea. Kikisukumwa kabisa, hukimbia. Vijiti vya aina hiyo vilikuwapo kabla, lakini havikuwa vimepata mchezo wa kuvipa maana. Sehemu ya pili ilikuwa kamera, na hapa ndipo ubunifu ulipofika kilele. Mwanzoni mwa mchezo, mchezaji humwona kiumbe aitwaye Lakitu akielea juu ya wingu, ameshika ufito ulioning'inizwa kamera. Anaelezwa kwamba yote atakayoyaona yanapigwa na kamera hiyo. Ndani ya kasri kuna chumba chenye kioo kikubwa. Mario anaposimama mbele yake, mchezaji huona taswira ya Mario na pia ya Lakitu, akiwa nyuma yake na kamera yake. Msimulizi amepewa mwili, na mwili huo unaonekana kiooni.

Athari zake zinaweza kushikwa kwa mikono. Kidhibiti cha PlayStation cha mwaka 1994 hakikuwa na kijiti. Kufikia mwaka 1997 Sony ilikuwa imetoa chenye vijiti viwili. Leo vidhibiti vikuu vya Sony, vya Microsoft na vya Nintendo yenyewe vyote vina vijiti viwili, na katika michezo mingi ya nafsi ya tatu, kimoja humwendesha mhusika na kingine huiendesha kamera. Mpiganaji wa upanga, mwendesha farasi na mpelelezi wa jijini, wote wanatembea kwa sarufi ambayo Mario aliitamka waziwazi mwaka 1996. Hata The Legend of Zelda: Ocarina of Time (1998), unaotajwa na wengi kuwa mchezo bora kuliko yote, uliijenga mbinu yake mashuhuri ya kumkazia adui macho juu ya msingi huohuo.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kamera ya Super Mario 64 ilikuwa na kasoro. Ilikwama kwenye kuta na kumfichia mchezaji njia. Hilo ni kweli. Lakini mwenye kuathiri si lazima awe mkamilifu, na kasoro za mtangulizi ndizo huwapa wafuasi kazi ya kufanya. Ya pili ni ya mauzo. Super Mario 64 uliuzwa nakala zisizofika milioni 12, na mtambo wake takriban milioni 33, ilhali PlayStation ulipita milioni 100. Mbona basi aliyeshindwa sokoni aitwe mwalimu? Jibu ni kwamba mshindi mwenyewe alibadili kidhibiti chake. Soko lilimpa mmoja fedha, nayo sanaa ikafuata njia ya mwingine.

Wasomi wa Kiswahili wamewahi kuliona jambo kama hili. Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, wanamapokeo na wanausasa walibishana vikali iwapo tungo zisizofuata urari wa vina na mizani ni mashairi. Hakuna aliyeutatua ubishi huo kwa kuhesabu nakala zilizouzwa. Uliamuliwa na washairi waliofuata, kwa kalamu zao, na leo mtahiniwa wa kidato cha nne hashangai kukutana na shairi huru kwenye karatasi ya mtihani.

Hapa ndipo penye uzito wa mjadala huu. Mhakiki anayeupa taji mchezo ulioenea zaidi hana tofauti na mhakiki anayechagua kitabu cha tasnifu yake kwa kuwa kimetahiniwa kwa miaka mingi. Wote wawili wamemwachia mchuuzi kazi ya uhakiki. Kazi ya mwanafasihi ni kuuliza ni nani aliyejifunza kutoka kwa nani, na alijifunza nini. Methali ya wahenga ni ya kweli, lakini mahali pake ni sokoni. Chema huenda kikajiuza; kilichoathiri hutambulikana katika kazi za waliokuja baadaye.