Matamasha ya kiangazi yawafae na watoto wadogo

Mhariri,

Kila Februari, joto la kaskazi likiwa kali, tamasha la Sauti za Busara huwakusanya Zanzibar wenyeji na wageni. Nawaomba waandaaji wa matamasha ya namna hii watenge saa za alasiri kwa familia zenye watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku. Pia linaonya kuwa sauti kubwa inaweza kuharibu usikivu kabisa. Muziki wa usiku wa manane mbele ya spika haumfai mtoto huyo.

Wapo watakaosema abaki nyumbani. Lakini ngoma zetu hazikurithiwa kwa kusimuliwa. Watoto walizizoea wakiwa mgongoni mwa mama zao. Wengine watataja gharama. Kivuli, maji safi na eneo lililo mbali na spika havihitaji fedha nyingi, na familia iliyostarehe hukaa, hununua chakula kwa wachuuzi na hurudi mwakani. Mamlaka zinazotoa vibali ziyaweke haya kuwa masharti.

Msomaji wenu,
Unguja