Maji ya Mto Hayana Mwenyewe

Msomaji kijana, twaa ramani ya Kenya uitazame. Utaona mistari izitengayo kaunti za Meru, Laikipia, Samburu na Isiolo. Kisha utazame mto Ewaso Ng'iro. Mto huo hauijui mistari ile. Hupata maji yake Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, huvuka nyanda za Laikipia, hupita Archer's Post, na mwisho huishia katika kinamasi cha Lorian.

Sisi wa Kianjai tunakaa mahali pa kujifunza jambo hili. Upande mmoja viko vilima vya Nyambene, vyenye mvua na miraa. Upande wa pili ziko mbuga kavu za Isiolo, ambako wakati wa kiangazi mfugaji huchimba mchanga wa mto ili ng'ombe wake wanywe.

Wako watu wasemao, "Maji yapitayo shambani mwangu ni yangu." Neno hili si kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba serikali huyashika maji kwa amana ya wananchi, na kwamba matumizi ya nyumbani hutangulia mengine yote. Basi mtu avutaye maji usiku kwa pampu, akanywesha kabichi zake hata mto ukakauka, hakufanya bidii ya ukulima, amemnyang'anya mwenziwe.

Watajibu kwamba kilimo cha juu ndicho kiletacho chakula na fedha. Ni kweli, wala sisemi mkulima aache kulima. Nasema achimbe bwawa, alijaze wakati wa mvua, na kiangazi auache mto upite. Aing'oe mikaratusi inyonyayo chemchemi, apande mikuyu. Na wapangao matumizi ya ardhi wafuate bonde la mto tangu chanzo hata mwisho, si mpaka wa kaunti. Mkulima wa juu na mfugaji wa chini waketi baraza moja, wenye sauti sawa.

Husemwa, mwenye nguvu mpishe. Lakini mtoni haifai. Nawe ujionaye uko juu, jiulize kwanza: je, juu yako hakuna mtu?