Uchungu wa pombe, tuuhesabu

Wamama wa Simi-Simi, juma lililopita tulimwaga bidoni ya lita 20 ya pombe ya mahindi. Kongobololo ilizidi, wateja wakakataa, na pesa ya minervali ikaenda na maji.

Kiwandani, kipimo 1 cha uchungu ni miligramu 1 ndani ya lita 1. Majani yetu hayaandikwi namba, basi tupime wenyewe. Chemsheni kikombe 1 cha majani ndani ya lita 1 ya maji, dakika 15, mchuje. Kijiko 1 cha maji hayo kwa vijiko 9 vya pombe. Kali bado? 1 kwa 19. Aonje mwingine, ulimi wa mpishi umezoea. Wakikubali 1 kwa 19, bidoni inataka lita 1 ya maji hayo na 19 za pombe.

Maji ya muhogo mchungu, hapana! Yana sumu.