Chozi wa Mlima Kenya na mkono wa mtoto



Wazazi wenzangu, mwezi uliopita nilialikwa kwenye walima huko Meru, katika nyumba iliyo karibu na msitu wa Mlima Kenya. Asubuhi nilimwona chozi akinyonya maua uani. Sisi wa pwani twamjua chozi, lakini huyu wa milimani ni pambo jingine: kichwa cha kijani kinachometameta, mshipi mwekundu kifuani, na mdomo mwembamba uliopinda, apate kuifikia asali ndani ya ua.

Kiota chao kilining'inia tawini kama kifuko, mlango ukiwa ubavuni. Jike, ambaye hakupewa rangi hizo za fahari, ndiye afumaye kiota na kuyalalia mayai. Hukishikiza kwa nyuzi za buibui. Katika Surat al-Ankabut tumefunzwa kwamba nyumba ya buibui ndiyo dhaifu kuliko zote. Subhanallah! Kwa uzi wa nyumba hiyo Mola amemfundisha chozi kuwajengea wanawe.

Mara mtoto wa mwenyeji akavuta manati, na jike akaanguka. Mama yake, aliyekuwa akileta chai, akacheka: "Ni kidege tu, sheikh. Mwache mtoto acheze."

Kiotani mlikuwa na makinda mawili. Usiku wa mlimani ni wa baridi kali, na hapakuwa na wa kuwafunika. Kulipopambazuka walikuwa wamenyamaza.

Ndipo nikawasimulia hadithi aliyoipokea Abu Daud: masahaba safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akipapatika. Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Mama yule hakucheka tena. Alimwita mwanawe, wakayafukia makinda pamoja.

Nami simlaumu yeye peke yake. Jioni ya kuamkia siku ile niliiona manati mfukoni mwa mtoto, nikanyamaza kwa kuchelea kumkosea mwenyeji. Kimya changu kilikuwa na sehemu katika jiwe lile.

Akina mama na akina baba, samaki mkunje angali mbichi. Mkono uliozoea kumuumiza asiyeweza kujitetea, kesho utamwelekea mdogo wake, na kesho kutwa mkewe. Ukiiona manati, iondoe, kisha mshike mwanao mkono umwonyeshe kiota.

Wabillahi tawfiq.